Mtu Mzima Mwenye Ulemavu Kwenye Kodi Yako ya Marekani: Nani Hupata Pesa za Serikali, na Hatua za Kufuata

Kila ikifika Februari, simu yangu huanza kulia na swali ni lile lile. "Kijana wangu ana miaka 26, hawezi kufanya kazi, namwandika kuwa mtegemezi kwenye kodi yangu tangu tufike Marekani. Mbona pesa za korona hakupata? Na zikitoka nyingine, atapata?" Nimelijibu kwenye ukumbi wa kanisa tunakojazia watu kodi bure, nimelijibu kituoni nikisubiri basi, na mara moja msibani. Sasa naliandika, anayeuliza nimtumie asome.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Marekani na kumtunza mtu mzima mwenye ulemavu: mtoto, ndugu, mzazi au jamaa mwingine. Kama humtunzi mtu wa namna hiyo, haukuhusu.

Kwanza, zile pesa za korona

Zilitoka mara 3, na kila mara sheria ilikuwa na masharti yake.

Sheria ya 27 Machi 2020 ilitoa dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto aliye chini ya miaka 17. Ya 27 Desemba 2020 ilitoa 600 kwa mtu mzima na 600 kwa mtoto, umri ule ule. Ya 11 Machi 2021 ilitoa 1,400 kwa kila kichwa, na safari hii wategemezi wa umri wowote walihesabiwa.

Umeona mtu wako alipokwama? Katika zile mbili za mwanzo hakuwa mtu mzima wa kujitegemea, apewe 1,200. Hakuwa mtoto wa chini ya miaka 17 pia, mzazi apewe 500 kwa ajili yake. Chukua mama mmoja na kijana wake wa miaka 24 mwenye ulemavu. Mama alipata 1,200, kisha 600, kisha 1,400. Kijana: sifuri, sifuri, 1,400. Angekuwa na miaka 12, nyumba ingepata 2,500 kwa ajili yake. Angekuwa hawezi kuandikwa na mtu yeyote, angepata 3,200 mkononi mwake.

Na ile 1,400 ya mwisho iliingia kwenye akaunti ya mama aliyemwandika, si ya kijana. Nyumba nyingine ziligombana hapa, kijana akidhani ameibiwa cheki yake.

Je, unaweza kuzidai leo? Hapana. Malipo mawili ya kwanza yalidaiwa kupitia kodi ya mwaka 2020, na mlango huo ulifungwa 17 Mei 2024. La tatu lilidaiwa kupitia kodi ya 2021, na mlango wake ulifungwa 15 Aprili 2025. Desemba 2024 IRS, idara ya kodi ya Marekani, ilitangaza kuwatumia yenyewe watu kama milioni 1 waliojaza kodi ya 2021 lakini wakaacha wazi mstari wa pesa hiyo. Wale hawakuhitaji kuomba. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba kwa dola 200 atakutolea pesa za korona za mtoto wako, mfungulie mlango atoke.

Ila si hapo ninapotaka ukae. Ninaona watu wakililia 1,400 ya mwaka 2021 huku kila mwaka wanaweza kupitwa na hata zaidi ya 4,000 kwa sababu ya alama moja isiyowekwa kwenye fomu. Hatua zinazofuata ni za pesa hizo. Kazi hiyo hiyo ndiyo itakayokuweka tayari ikiwa Bunge la Marekani litapitisha malipo mengine, maana safari zote 3 kilichoangaliwa kwanza ni kodi ya mtu: nani ameandikwa wapi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya Soshal ya kila mtu, pamoja na ya huyo mwenye ulemavu.
- Barua ya daktari (hatua ya 2 inaeleza iandikwe nini).
- Karatasi yenye jina lake na anwani yenu: ya kliniki, ya shule, ya mwenye nyumba, au ya shirika linalomhudumia.
- Barua ya SSI (malipo ya serikali kwa mwenye ulemavu mwenye kipato kidogo) kama analipwa. SSI haitoi fomu ya kodi, kwa hiyo usiisubiri. Kama anapata SSDI (malipo ya ulemavu yanayotokana na michango ya Soshal ya kazini), hiyo ina fomu, inaitwa SSA-1099.
- Fomu zako za mshahara, W-2 au 1099.
- Kodi yako ya mwaka jana.
- Daftari na kalamu. Hesabu ya hatua ya 3 usiifanye kichwani.

Hatua

1. Jua anaingia kwa mlango gani.

IRS ina milango miwili ya mtegemezi. Wa kwanza ni wa "mtoto", wa pili ni wa "jamaa". Huu wa mtoto ndio wenye pesa.

Mlango wa mtoto kwa kawaida hufungwa mtu akifikisha miaka 19, au 24 akiwa mwanafunzi. Kwa mwenye ulemavu kamili na wa kudumu haufungwi, hata akiwa na miaka 50. Na "mtoto" hapa si uliyemzaa tu. Ni pia mtoto wa kambo, mjukuu, kaka, dada, na watoto wao. Wala si lazima awe mdogo kwako. Kijana wa miaka 25 anayemtunza kaka yake wa miaka 31 mwenye ulemavu, kwenye fomu kaka huyo anaingia kwa mlango wa mtoto. Watu hucheka nikiwaambia, lakini sheria ndivyo ilivyo.

Masharti yaliyobaki: awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, na asiwe amejilipia mwenyewe zaidi ya nusu ya matunzo yake.

Wasioingia hapo hujaribu mlango wa jamaa: mama, baba, shangazi, mjomba. Huko wewe ndiye unapaswa kuwa umelipa zaidi ya nusu ya matunzo yake, na kipato chake kinachotozwa kodi kiwe chini ya dola 5,200 kwa kodi ya mwaka 2025. SSI haihesabiwi kwenye kipato hicho.

*Angalia hapa, maana ndipo wengi wetu tunapotegwa na lugha yetu wenyewe.* Mjaza kodi anakuuliza, "Huyu ni kaka yako?" Nawe unajibu ndiyo, kwa sababu ni mtoto wa baba mdogo, mmekula sahani moja tangu utotoni, utamwitaje kama si kaka? Kwa sheria ya Marekani huyo ni binamu. Binamu haingii mlango wa mtoto kabisa. Anaweza kuingia wa jamaa, tena awe ameishi nyumbani kwako mwaka mzima. Kwa hiyo kwenye fomu usitaje ndugu kwa heshima ya nyumbani. Eleza nani alizaliwa na nani.

2. Pata barua ya daktari.

SSI yenyewe haitoshi kukufanya ukae raha. Unataka karatasi inayosema mambo mawili: kwamba hawezi kufanya kazi ya maana ya kumpatia kipato kwa sababu ya hali ya mwili au akili yake, na kwamba hali hiyo imedumu au inatarajiwa kudumu mwaka mmoja au zaidi mfululizo, au kuishia kwenye kifo. Bila maneno ya muda, barua haina nguvu. Nimeona barua nzuri, yenye muhuri na nembo ya hospitali, iliyosema tu "mgonjwa wetu ana kifafa". Kifafa peke yake hakimwambii IRS kitu.

Barua inaweza pia kutoka kwa mhudumu mwingine wa afya au kwa shirika au ofisi ya serikali inayomhudumia. Huitumi pamoja na kodi. Unaihifadhi, siku wakiuliza unayo.

3. Piga hesabu ya matunzo.

Hapa ndipo daftari linapofunguliwa. Mfano: pango ni dola 1,200 kwa mwezi na mko watu 4, fungu lake ni 300. Chakula 800, fungu lake 200. Nguo, simu na usafiri wake 100. Jumla 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka.

Sasa, tuseme anapata SSDI ya 450 kwa mwezi na yote inaishia kwenye pango na chakula chake. Hiyo ni 5,400 kati ya 7,200. Amejitunza zaidi ya nusu, huwezi kumwandika kuwa mtegemezi (ila krediti ya EITC ya hatua ya 5 haina sharti hili). Lakini kama katika ile 450 anatumia 200 na 250 inawekwa akiba, mchango wake ni 2,400, na mlango wa mtoto uko wazi. Kinachohesabiwa ni pesa iliyotumika kumtunza. Iliyoingia ikalala benki haimo. (Kama yuko kwenye SSI, akiba hiyo isilale kwenye akaunti ya kawaida, maana kikomo chake ni dola 2,000. Ulizia akaunti ya ABLE, yaani akaunti maalumu ya akiba ya mwenye ulemavu, ambayo SSI haihesabu hadi 100,000.)

Kwa mlango wa jamaa hesabu ni kali zaidi: SSI anayoitumia si pesa yako, kwa hiyo inakula upande wako wa nusu.

4. Kubalianeni nani atamwandika.

Mtu mmoja, mwandikaji mmoja. Kijana akiishi na mama na dada yake anayefanya kazi, wote wawili wanaweza kuwa na haki ya kumwandika, lakini ni mmoja tu atakayemwandika. Wasipokubaliana, IRS humpa mzazi kwanza. Zungumzeni kabla ya Februari, mezani, chai ikiwepo.

Na kama mwenyewe alipata kibarua kidogo akajaza kodi yake, ni lazima aweke alama palipoulizwa kama kuna mtu anayeweza kumwandika yeye kuwa mtegemezi. Soma neno hilo vizuri: *anayeweza*. Wakati wa korona kuna watu waliambiwa, "Mtoe kwenye kodi yako, atapata 1,200 yake." Ushauri mbaya. Sheria ilimkatalia kila mtu ambaye mwingine aliruhusiwa kumwandika, hata kama hakumwandika.

5. Jaza fomu, na usiruke alama hii.

Kwenye Fomu 1040 andika jina lake, namba ya Soshal na uhusiano wenu. Yeye hapati ile krediti kubwa ya watoto, maana hiyo huishia miaka 17 na haina msamaha wa ulemavu. Anakuletea krediti ya wategemezi wengine, dola 500, ambayo hupunguza kodi unayodaiwa lakini hairudishwi taslimu kama hudaiwi kitu.

Kisha nenda kwenye karatasi inayoitwa Schedule EIC. Hii ni ya krediti ya kipato cha kazi, EITC, na hii hurudishwa taslimu. Swali la 4a linauliza kama alikuwa mwanafunzi wa chini ya miaka 24. Jibu hapana, shuka hadi 4b: je, alikuwa na ulemavu kamili na wa kudumu wakati wowote ndani ya mwaka? Weka *ndiyo*. Popote pengine programu inapokuuliza habari za ulemavu wake wa kudumu, weka alama vilevile.

Kwa kodi ya 2025, mfanyakazi asiye na mtoto kwenye EITC hupata dola 649 kwa kiwango cha juu kabisa. Mwenye mtoto mmoja hufika 4,328. Kiasi chako kitategemea mshahara wako, na lazima uwe umefanya kazi mwaka huo. Wewe na yeye lazima muwe na namba za Soshal zinazoruhusu kufanya kazi. ITIN, namba ya kodi ya asiye na Soshal, haifai hapa, ingawa inafaa kwa zile 500.

Mama mmoja aliniletea bahasha ya kaki, ndani kodi za miaka 3, zote zimejazwa na duka moja la kujazia kodi lililomtoza pesa kila mwaka. Kijana wake wa miaka 29 yumo kwenye kila fomu, jina sahihi, namba sahihi. Schedule EIC haikuwemo hata moja. Mjazaji aliona 29, akaendelea na yake. Mama hakuulizwa kitu, na yeye hakujua kwamba kuna kitu cha kuulizwa. Tulijaza fomu 3 za 1040-X, za kurekebisha kodi iliyokwisha kujazwa, moja kwa kila mwaka, nikamwona akizibusu bahasha kabla ya kuzitia kwenye sanduku la posta.

Kama huna mume au mke na wewe ndiye unayelipia zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, angalia pia hadhi ya mkuu wa kaya badala ya "mseja". Kodi yake ni nafuu.

6. Jaza bure ukiweza.

VITA ni huduma ya bure ya watu wa kujitolea waliopimwa na IRS. Piga 800-906-9887 wakutafutie kituo cha karibu. Baadhi ya vituo vina msemaji wa Kiswahili, vingine hutumia mkalimani wa simu. Ukifika, sema mwanzoni kabisa: "Ninamtunza mtu mzima mwenye ulemavu wa kudumu." Usisubiri kuulizwa.

Makosa yanayorudi kila mwaka

Kumwandika mtu anayeishi Goma, Kigoma au Nakuru kwa sababu unamtumia pesa. Kwa wengi hairuhusiwi: lazima awe raia wa Marekani au mkazi wake kwa sheria ya kodi, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Kutuma pesa nyumbani ni jambo jema, ila fomu hii haina nafasi yake.

"Kukopeshana" mtegemezi, yaani mwenye kipato kidogo kumpa jirani mtu wake amwandike kisha wagawane rifandi, ile pesa ya kodi inayorudishwa. Usiguse. IRS ikiona ulidai EITC kwa kutojali sheria, unafungiwa miaka 2. Ikiona ni ulaghai, miaka 10.

Kuogopa kumwandika kwa hofu ya kukatiwa SSI. Kuandikwa tu kwenye kodi yako hakumkatii. Na rifandi ya serikali kuu SSI haiihesabu kama kipato, wala kama akiba kwa miezi 12. Pesa za korona nazo hazikuhesabiwa.

Mambo yakikwama

*Kodi imekataliwa mtandaoni, inasema mtegemezi amekwisha kutumiwa.* Kuna mwingine amemwandika. Waulize watu wa nyumbani kwanza, mara nyingi ni shemeji aliyetaka "kusaidia". Kama haki ni yako, omba IRS ile namba ya siri ya tarakimu 6, IP PIN, ujaze tena nayo mtandaoni, au uchapishe utume kwa posta. Usimfute mtu wako ili tu fomu ipite.

*Umepata barua CP87A.* Maana yake mtu mwingine pia amemwandika. Kama una haki, huhitaji kufanya kitu, weka karatasi zako tayari. Kama umekosea, rekebisha kwa 1040-X.

*Umepata barua CP75.* Wanazuia rifandi mpaka uthibitishe. Hapa ndipo barua ya daktari, karatasi ya anwani na vyeti vya kuzaliwa vinapofanya kazi. Tuma nakala, kamwe usitume halisi. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye barua yenyewe, ipigie mstari.

*Rifandi haijafika na sasa ni Februari.* Kwa sheria, rifandi zenye EITC haziruhusiwi kutoka kabla ya katikati ya Februari. Subiri kwanza.

*Miaka iliyopita hawakuweka alama ya 4b.* Una miaka 3 tangu ulipojaza kodi ya mwaka husika. Ukijaza mapema, miaka hiyo huhesabiwa kuanzia tarehe ya mwisho ya kujaza. Tumia 1040-X, ambatanisha Schedule EIC. IRS husema wiki 8 hadi 12, nyingine hufika 16.

*Hujui kama ile 1,400 ilitolewa au la.* Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya IRS, malipo yote 3 yanaonekana kwenye kumbukumbu za 2020 na 2021. Au tafuta kwenye bahasha zako barua iitwayo 6475. Ndiyo iliyotaja kiasi cha malipo ya tatu, na kama mtu wako alihesabiwa, utaona kiasi kimepanda kwa 1,400.

*Unapigia IRS na Kiingereza kinakukimbia.* Akipokea mtu, sema neno moja tu, "Swahili", ukae kimya. Watamtafuta mkalimani. Huwa inachukua dakika kadhaa, usikate simu.